Kampira kamoja tu

Leo asubuhi, ufukweni Mikindani. Boti tayari, bahari shwari, mitungi ya hewa ya kuzamia, ya lita 12, imejazwa hadi shinikizo la bar 200.

Valvu ikafunguliwa.

Sssssss!

Kampira ka duara kanakozuia hewa kuvuja kwenye mdomo wa mtungi kamepasuka. Ukikaweka kidoleni unaona ufa mwembamba kama unywele. Jua na chumvi hukakausha mpaka kanakatika. Na spea? Hakuna hata moja. Boti inasubiri, maji yanakupwa.

Mnaopanga kuja kuzamia Ghuba ya Mnazi huku Mtwara, bebeni vipira hivi hata kumi, havina uzito. Kila jioni suuzeni vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, mvianike kivulini.

Tarehe pangeni kwa mwezi wa angani, si kwa likizo ya ofisini. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana, mkondo unavuta na maji yanachafuka. Njooni maji mafu, siku ambazo hayajai wala kupwa sana. Upepo wa kusi ukishika kasi, Juni mpaka Agosti, kaeni nchi kavu mle pweza.

Tiketi ndiyo wengi wanaikosea. Ukishazamia mara kadhaa, pisha angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Naitrojeni ya hewa uliyovuta chini ya maji bado imo mwilini, na shinikizo la hewa ndani ya ndege hushuka. Ikitoka kwa pupa inafanya mapovu kwenye damu na viungo. Kwa hiyo umezamia jioni, ndege ya asubuhi kwenda Dar usiikate.

Kampira kenyewe bado kako mezani hapa, nakaangalia.

Wazamiaji wa Mtwara na Lindi, nyie kwenye mkoba wa spea mnaweka nini kingine?