Asilimia 64

Laptopu ilikuwa ikiandika programu mpya kwenye kompyuta ya giaboksi, na mstari wa kijani kwenye skrini yake ulifika asilimia 64 ukasimama. Mita ya volti iliyokuwa imebanwa kwenye vituo vya betri ilikuwa imeshuka kutoka 12.6 hadi 11.8, na feni ya rejeta ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote ingawa injini ilikuwa imezimwa. Ilikuwa Novemba 2019, gerejini kwetu Dar es Salaam, mchana wa joto kali. Gari lilikuwa BMW 530i ya 2005 iliyoletwa kutoka Japani, giaboksi ya otomatiki ya gia 6 ya familia ya 6HP, iliyotengenezwa na kampuni ya ZF, kilomita 187,000 kwenye dashibodi.

Mwenye gari, mzee mmoja mstaafu, alilileta kwa sababu moja. Akikaribia kusimama kwenye taa, gia ikishuka kutoka 3 kwenda 2, gari linagonga kana kwamba limesukumwa kwa nyuma. Mahali pengine walimsomea kompyuta ya giaboksi, wakamwambia programu yake ni ya zamani na ipo mpya inayolainisha ushukaji wa gia. Hilo ni kweli kwa giaboksi nyingi za miaka ile: watengenezaji walitoa matoleo mapya kurekebisha kishindo, mtetemo wa toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na uchelewaji wa gia.

“Shikamoo mzee. Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini?”

“Marahaba. Haijaguswa. Niliambiwa ni ya maisha. Mimi nataka programu tu, mwanangu.”

Tukamkubalia. Tulipaswa kuanza na oili, na saa chache baadaye gari lenyewe lilituonyesha sababu.

Maandalizi mengine yalikuwa sawa. Namba ya chesisi ilisomwa kutoka kwenye gari lenyewe, si kwenye kadi. Namba ya kompyuta ya giaboksi na namba ya programu iliyokuwemo ziliandikwa kwenye daftari. Faili lilichaguliwa kwa kulinganisha namba hizo, kwa sababu giaboksi zinazofanana kwa nje hutofautiana ndani: ya dizeli haina ramani (hesabu za kubadili gia) sawa na ya petroli, na ya injini ya silinda 8 ina shinikizo jingine kabisa. Laptopu ilizuiwa isilale, intaneti ikazimwa, waya wa kusomea ukafungwa kwa tepu usichomoke. Tuliamua pia kuandika kompyuta moja tu. Mfumo wa kiwandani hupenda kupandisha gari zima kwenye toleo moja, na gari la Japani lenye redio na navigesheni za kwao linaweza kupoteza kompyuta ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye umeme. Tuliunga chaja ya kawaida ya ampea 10 tukaridhika. Gari la aina hii, ufunguo ukiwa umewashwa tu, hula ampea 20 au zaidi. Kisha kuna feni. Kompyuta za gari zinaponyamaza wakati wa kuandikwa, ya injini inaweza kuiwasha feni ya rejeta kwa tahadhari, kwa sababu haipati tena taarifa inazozitegemea, na feni hiyo peke yake inaweza kula zaidi ya ampea 30. Chaja ya ampea 10 haiwezi kulipa deni hilo. Betri ya miaka minne ilijitahidi dakika kadhaa, kisha volti ikaporomoka, na kompyuta ya giaboksi ikaacha kupokea.

Kwenye 6HP kompyuta hiyo haiko chini ya kiti wala chini ya boneti. Imeungwa na valvu bodi, bamba la njia na valvu za oili, kuwa kitu kimoja kiitwacho mekatroniki, na inaogelea ndani ya oili, juu ya sampu, yaani beseni la oili chini ya giaboksi. Ikifa, huchomoi kisanduku ukaweka kingine. Unashusha sampu, unatoa mekatroniki nzima, na iliyotumika ukiipata lazima ilingane na gari hilo.

Dashibodi iliwasha alama ya giaboksi. Kijana mmoja akanyoosha mkono azime ufunguo ili “aanze upya”. Akazuiwa. Jaribu kubwa kuliko yote kwa wakati kama huo ni kuzima au kuchomoa betri, na hapo ndipo wengi wanapomalizia kuua kompyuta. Programu huandikwa kwa sehemu. Kuna sehemu ndogo ya kuanzia, ambayo kwa kawaida haifutwi, nayo ndiyo inayojua kupokea faili jipya. Ikiwa bado ina umeme na bado inajibu, kazi inaweza kurudiwa. Starta isingezunguka hata tungetaka, maana gari halikuwa likipata tena taarifa kwamba giaboksi iko kwenye P.

Gereji jirani walituazima pawa saplai ya kutunza volti wakati wa kuandika programu, ya ampea 70. Hiki ni kifaa tofauti na chaja. Chaja hupandisha na kushusha volti kadiri inavyoisoma betri. Pawa saplai hushikilia volti moja hata mzigo ukibadilika. Tuliiunga kwenye vituo vya chini ya boneti, tukazima taa na kipepeo cha AC, tukafunga milango ili taa za ndani zilale. Volti ikapanda, ikasimama 13.5. Tulisubiri dakika kumi bila kugusa kitu. Kisha tukamwita mtu wa pawa saplai akae karibu na swichi ya ukutani asije mtu akachomoa.

Kompyuta ilijibu. Faili lilianza kuandikwa upya tangu sifuri, na safari hii mstari ulifika mwisho. Kama ile sehemu ya kuanzia ingekuwa imeguswa, mzee angeondoka na gari la kuvutwa.

Baada ya kuandika, maelekezo yanataka ufute kumbukumbu za mazoea. Hapa ndipo gari kuukuu linapojifichua. Giaboksi ya aina hii hujifunza kila siku: klachi fulani imelika kiasi gani, inahitaji oili kwa muda gani kabla sahani hazijagusana, shinikizo liwe kiasi gani ili mbanano usigonge. Kwa kilomita 187,000 kompyuta ilikuwa imejifunza kuufidia uchakavu na oili iliyochoka. Ukifuta, inarudi kwenye hesabu za giaboksi mpya, lakini chuma kilichomo si kipya.

Tulitoka nayo barabarani. Kuingia D ilichelewa karibu sekunde mbili, kisha ikabamiza. Kutoka 2 kwenda 3 injini ilivuma bila kuvuta, mizunguko yake ikaruka kama 500 kwa dakika, ndipo gia ikashika. Mzee alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema neno.

Kuliendesha hivyo likitarajiwa “litajifunza lenyewe” ni kuchoma sahani za klachi. Tulilirudisha, tukamweleza, akakubali tufungue.

Boliti ya kujazia hulegezwa kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ikikataa kufunguka baada ya oili kumwagwa, umekwama na gari lisilo na oili. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, yenye harufu ya kuungua kidogo. Sumaku za sampu zilikuwa na tope laini la kijivu, jambo la kawaida, bila vipande vya chuma. Hilo lilitupa matumaini. Slivu ya plagi ya umeme, ala inayozuia oili pale waya unapoingia giaboksini, ilikuwa ikivuja. Mekatroniki ilipotoka, sili ya daraja kati yake na mwili wa giaboksi ilikuwa imekauka na kupasuka ukingoni. Shinikizo lilikuwa likitorokea hapo, na kwa miaka programu ilikuwa ikiongeza muda na nguvu kuficha tundu hilo. Pini za plagi hazishikwi kwa kidole. Umeme tuli wa mwili unatosha kuua kompyuta ambayo umetoka kuiokoa.

Tuliweka slivu mpya, sili ya daraja, vibomba vya kuunganishia, na sampu mpya ya plastiki, ambayo filta imo ndani yake. Boliti za sampu zilikazwa kwa mpangilio wa msalaba kwa Nm 10, si zaidi, plastiki isipinde. Ilimeza karibu lita 7 za oili iliyopendekezwa kwa giaboksi hiyo. Nyingine hubaki kwenye toki konveta. Kipimo cha mwisho hufanywa injini ikiunguruma, gia zote zikishapitishwa, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Kwa joto la Dar oili ilikuwa nyuzi 33 kabla hata injini haijawashwa, kwa hiyo muda wa kupima ulikuwa mfupi. Boliti ya kujazia ilifungwa oili ilipoanza kutoka kama uzi mwembamba, kwenye nyuzi 41.

Mazoea yakafutwa tena, safari hii kwa haki. Asubuhi ya pili, kabla ya foleni, tulielekea Bagamoyo: kukanyaga mafuta kidogo kidogo hadi gia ya 6, kisha kuachia gari lipungue lenyewe hadi karibu kusimama, tena na tena. Ule mruko wa 2 kwenda 3 ulitoweka kabla hatujafika. Wakati wa kurudi, gia ya 3 ilishuka kwenda 2 pale Mwenge bila kishindo.

Oili ikiwa baridi, kishindo kidogo kilibaki. Mzee aliambiwa hivyo, na namba ya programu ya zamani na mpya zikaandikwa pamoja na kilomita kwenye kitabu chake cha matengenezo. Alikunja karatasi ya kwanza, ile aliyopewa kule walikomwambia ni programu tu, akaiweka humo humo.