Unguja niliyoipanga kwa kuhesabu mwezi

Kila niliyemuuliza mahali pa kutembelea Unguja alinipa majina yaleyale: Nungwi, Paje, Jozani, Changuu, Forodhani. Hakuna aliyetaja maji. Jambo hili linaniudhi hadi leo, maana Unguja ukishatoka Mji Mkongwe karibu kila cha kutazama kinafuata kupwa na kujaa kwa bahari.

Mara ya kwanza nilimpeleka dada yangu na watoto wake Paje, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Tukafika saa nne asubuhi, mataulo mabegani, na bahari haipo. Mbele yetu mchanga, madimbwi ya maji ya moto, safu za vijiti vya mwani, na mawimbi yakipasuka kwenye mwamba kule mbali, zaidi ya kilomita moja. Tukayafuata, na hapo ndipo tulipokosea. Kina hakipiti magoti, chini mawe, na kwenye mawe ndiko wanakokaa viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Mpwa wangu akakanyaga. Mwiba ule hukatikia ndani ya nyama, na ukiuchokonoa kwa sindano unazidi kumeguka. Mama mmoja aliyekuwa akivuna mwani akatutafutia papai bichi, akampaka utomvu wake, akatukataza kuchokonoa. Mzee aliyekuwa kando akaniuliza: "Mwanangu, mwezi una siku ngapi leo?" Sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika kama mita nne. Siku hizo Unguja maji hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Hesabu mwenyewe: mwezi ukifika siku ya nane au ya ishirini na tatu, maji hujaa saa nne asubuhi, tena ni maji mafu, hayaendi mbali. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inatosha.

Mashariki, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, mwamba umeikinga pwani na ndani yake sakafu ni bapa, ndiyo maana maji yakishuka kidogo tu ufuo mzima unabaki wazi. Kendwa, upande wa magharibi, chini kunateremka haraka, na unaweza kuogelea saa yoyote. Kama siku zako zimeangukia bamvua na nia ni kuogelea tu, panda daladala 116 ya Nungwi, kisha Kendwa ni karibu.

Lakini bamvua usiidharau. Kupwa kwa asubuhi ndiyo saa ya akina mama kuingia mashambani mwao mwa mwani, na kwangu hakuna cha kutazama kinachozidi hicho upande wa mashariki: namna kamba inavyovutwa kati ya vijiti viwili na kila kishada kufungwa kwa mkono. Salimia, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, vaa yeboyebo, yaani viatu vya plastiki, na ukiona maji yanarudi anza kurudi nawe, kwani mifereji hujaa kabla ya mchanga.

Bamvua hiyohiyo ndiyo inayolitoa fungu la mchanga la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe. Maji yakijaa fungu lote linazama. Ondokeni Forodhani saa mbili, muanzie kisiwa cha Changuu kwa kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 na gereza la 1893 ambalo halikuwahi kufunga mfungwa, kisha mwende Nakupenda saa nne. Bei ya boti ni ya boti nzima, basi changeni watu sita au wanane, na patana kabla hujaingiza mguu.

Msitu wa Jozani kima punju wapo siku zote. Ila mikoko yake ina sura mbili: maji yakijaa, samaki wadogo hupita chini ya daraja la mbao, yakipwa, unaona mizizi na kaa. Kizimkazi mimi huenda kwa ajili ya msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Pomboo wanaofukuzwa na boti kumi siwapendekezi kwa yeyote.

Safari ya pili tulikwenda mwezi una siku nane. Paje ileile, na watoto wakawa majini tangu saa tatu hadi saa saba, miguuni yeboyebo, mpwa wangu akiwa wa kwanza kuingia.