Mimea isiyo na shina, wiki ya 3: nimefuta nusu ya nilichoandika

Haya apdeti. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nazunguka uani na simu na daftari, kila mmea ambao majani yake yanatokea chini kabisa naandika "hauna shina". Shubiri, karoti, mkonge wa kwenye uzio, lile ua la zambarau la mama kwenye kopo la rangi, wote humo, nikajiona mtaalamu.

Jumamosi nikapasua kabichi katikati, kile kigumu cheupe cha ndani ambacho watoto wanagombaniaga kutafuna, kumbe ndo shina lenyewe! Majani yote yameshika hapo, na kwenye kwapa la jani kuna kichipukizi kidogo kama punje ya mchele. Muwa pingili zake ndefu, za kabichi zimebanana tu, basi.

Kumbe wataalamu wakisema mmea ni akaulesenti hawamaanishi shina halipo, wanamaanisha ni fupi mno au limejificha ardhini hulioni. Ndo maana kuna mimea jina la pili la kisayansi ni acaulis, Kilatini cha "bila shina", kama Carlina acaulis wa milima ya Ulaya. Majani yakikaa duara pale chini wanaita roseti.

Sasa mgomba ndo umenivuruga kabisa, maana una "shina" refu kunizidi ila ukikata ni magome ya majani yamevikana kama kitunguu, shina la kweli liko chini na linapanda katikati ukikaribia kutoa mkungu tu. Mtabisha najua.

Ua la mama ni Saintpaulia, asili yake milima ya hapa kwetu, Usambara. Wendland, mtaalamu wa mimea Mjerumani, aliliandika kisayansi huko kwao 1893, mwaka uleule Mjerumani mwenzake Hindorf alioleta mkonge Tanga, yaani roseti moja inatoka nyingine inaingia 😄 Sasa hili letu limezeeka, majani ya chini yamedondoka limebaki na kishingo cha kahawia kama sentimita 4, na hicho si kingine ni shina. Nimeandika "roseti, shina fupi, limeanza kuonekana kwa uzee". Nilitaka kulichomoa nione chini pakoje, mama kaniambia nikaguse kabichi zangu.

Mkonge bado. Unahitaji panga, na uzio ni wa jirani.