Sauti ya Sekunde Hamsini

Kundi letu la WhatsApp la kikoba hapa Rungwe lina watu 61, wengi wa miaka ishirini na kitu. Mwaka jana nilitaka kuwaeleza habari za saratani ya mlango wa kizazi, nikaanza vibaya. Nilituma faili la kurasa nane lenye michoro. Hakuna aliyelifungua. Bando la mia tano nani alimalizie kwenye mchoro wa mfuko wa uzazi?

Nikaenda kupima mwenyewe. Nina miaka 32. Usiku ule nikarekodi sauti ya sekunde hamsini: unalala kitandani, muuguzi anaingiza kifaa, anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja. Penye mabadiliko yanayoweza kuja kuwa saratani panageuka peupe, majibu unaondoka nayo. Nikasema pia kwamba magoti yalinitetemeka. Jibu la kwanza likatoka kwa kijana wa bodaboda: "Siki ile ile ya kachumbari, dada?" Watu walicheka mpaka saa tano usiku, huku maswali yakimiminika. Nilipotaja kwamba HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, huambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamume anaweza kukibeba bila dalili, wanaume kimya! Waliniuliza kesho yake inboksi, mmoja mmoja.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye chanjo ya kirusi hicho. Mama mmoja aliandika kwamba inafunga kizazi. Nikabishana naye mbele ya watu wote, nikamshinda, akajitoa na wengine wawili wakamfuata. Ikabidi niende kwake kwa miguu kuomba radhi. Kumbe binti yake ana miaka 10, na aliogopa sindano za kurudiarudia. Hakujua kwamba tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Bado anafikiria. Uvumi siku hizi naujibu pembeni.

Alhamisi moja tuliongozana wanawake saba kituo cha afya, wote wa thelathini na kuendelea isipokuwa mmoja wa 26 anayeishi na VVU, maana wao huanza kupima mapema, miaka 25. Mmoja wetu alikutwa na weupe, akatibiwa siku ile ile kwa kifaa cha joto. Jumapili akarekodi sauti yake mwenyewe, bila kuombwa. Yule wa bodaboda ameshamsikilizisha mama yake, mwenye kitochi. Yangu hakuna anayeiulizia tena.