Seva iliyorudi mwaka 2009

Ilikuwa 2015, saccos moja pale Moshi, mitaa ya Majengo. Mhasibu kanipigia asubuhi na mapema anafoka, fundi njoo haraka, keshia anachezea tarehe. Kisa risiti za jana yake zimetoka zimeandikwa 1 Januari 2009, na mwenyekiti kashaanza kusema dada wa watu anaficha marejesho. Nimefika nikamkuta kakalishwa benchi la wateja, macho mekundu.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia mwenyekiti.

"Marahaba. We angalia hiyo mashine utuambie."

Nikaandika date, amri ya kuonyesha tarehe, kwenye seva, 2009 hiyo hapo. Sa keshia hata paswedi ya seva hana, angebadilishaje? Nikauliza habari za umeme, wakasema ulikatika usiku wa kuamkia jana na UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, ilishakufa zamani, ipo ipo tu chini ya meza. Nikafungua boksi, ile betri ya duara CR2032 testa inasoma chini ya volti 2 wakati inatakiwa 3, yaani umeme ukikatika tu saa ya ndani inasahau kila kitu. Nikanunua nyingine kwa mangi anayetengeneza saa.

Sawa, ila ntpd, ile programu ya kurekebisha saa ya seva, si ipo, mbona haikuvuta saa toka intaneti? Nikapiga ntpq -p, amri ya kuangalia hali yake, seva za saa za pool.ntp.org zote zimejipanga ila reach, yaani rekodi ya majibu, ni 0, na .INIT. mstari hadi mstari, hakuna hata moja iliyojibu. Kumbe waliofunga ruta mpya waliziba poti 123 ya UDP, mlango ambao ntpd inapitia. Nikafungua, nikajua yameisha, ntpd ikajizima yenyewe! Kusoma logi, tofauti ikizidi sekunde 1000 haigusi saa, inajitoa ikuachie mwenyewe, na hapa tofauti ni miaka sita. Mafundi wengi wanaitukana kwa hilo, mi naona ina akili sana, maana saa ikirushwa kiholela kwenye mahesabu ya watu ndo balaa lenyewe. Nikaiwasha na -g, inayoiruhusu iruke mara moja tu mwanzoni, reach ikaanza kupanda 1, 3, 7, 17, na kinyota kikatokea pembeni ya jina la seva moja, yaani ndiyo imechaguliwa kufuatwa. Nikamalizia na hwclock --systohc ili saa ya ndani nayo ifuate.

Mzee kaangalia skrini, kasema "haya vizuri", kaulizia bei ya betri. Nikamwambia mzee, betri tutaongea, kwanza ongea na yule dada. Akaingia ofisini kwake. Mhasibu ndo alimfuata pale benchi, wakashinda wote mpaka jioni wanarekebisha risiti moja moja.