Petra na magoti ya mama

Kosa langu Petra, ule mji wa kale uliochongwa mwambani huko Jordan, lilikuwa kusahau kwamba kuingia ni mteremko. Ukishuka unajiona hodari. Kazi iko kurudi. Na mimi nilikuwa na mama wa miaka 71, magoti yamemchoka.

Tulikuwa saba: mimi na mume wangu, wanetu wawili, mama, shoga yangu na mumewe. Tulitoka Amman kwa gari la kukodi, mwendo wa masaa matatu hivi, tukalala Wadi Musa, mji ulio mlangoni mwa Petra. Mgeni anayelala Jordan tulimkuta akilipa dinari 50 kwa siku moja na 55 kwa siku mbili. Wa kuja na kuondoka siku hiyohiyo, 90. Watoto wa chini ya miaka 12 bure. Tukakata za siku mbili, na dinari tano hizo za ziada ndizo zilizoniokoa.

Siku ya kwanza tulitembea kundi zima kama mbuzi. Siq, lile korongo jembamba la zaidi ya kilomita moja, mama alilimaliza vizuri, akisimama kila mara kutazama mifereji iliyochongwa ukutani kupeleka maji mjini. Wanabatea, watu wa kale waliouchonga mji huu, waliishi jangwani, lakini kwa maji hawakuwa na mchezo. Tulipopita Khazna, lile jengo mashuhuri la mwambani mwisho wa Siq, mume wa shoga yangu akashikilia twende wote mpaka Deir, jengo jingine la mwambani, lililoko juu mlimani. Ngazi kama 800! Nikaona haya kukataa. Hatujafika mbali mama akakaa juu ya jiwe: "Nyie nendeni wanangu, mtanikuta hapahapa."

Hakuna aliyekwenda. Kumrudisha langoni kulichukua karibu masaa mawili. Wenye punda walitufuata wakitaka kumbeba; mama akasema huyo punda mwenyewe kachoka kuliko yeye.

Usiku tukagawana. Asubuhi saa kumi na mbili, lango lilipofunguliwa, wenzetu wakawachukua watoto wakaelekea Deir. Mimi na mama tukapanda kigari cha umeme hadi Khazna, na kabla ya kushuka nikapatana na dereva saa ya kuturudisha.

Tukakaa kwenye benchi na chai. Kwenye saa tatu na nusu jua likaupiga ule uso wa jiwe, kama mita 40 kwenda juu, ukageuka rangi ya papai. Mafundi walianza kuchonga juu wakashuka nao. Khazna ni hazina yetu hiihii, kwa hiyo mama akauliza hazina yenyewe iko wapi. Nikamwonyesha mtungi wa jiwe ulioko kileleni: Mabedui waliamini umejaa mali ya Firauni, wakaupiga risasi, na makovu yapo. Ndani ni jiwe tupu.

"Na hawa ndio Thamudi waliochonga majabali?"

Nikamwambia Thamudi, wale wa kwenye Kurani, huhusishwa na mahali paitwapo al-Hijr, kule Saudia, ingawa makaburi yanayoonekana huko leo nayo ni ya Wanabatea. Hakuridhika sana.

Mchana watoto wakarudi vumbi tupu. Mdogo akatamba kwamba kahesabu ngazi zote, zimetimia 200. Mama akamvuta karibu, akamwelekezea kidole kwenye mtungi.

"Haya, fundi wa hesabu. Nihesabie matundu yale."