Siku moja maishani mwangu kama muuguzi: zamu ya mchana na wagonjwa wa presha

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu kitanda kwa kitanda: nani kapewa nini, presha ya nani imegoma kushuka.

Saa 2:00. Vipimo kabla ya dawa. Hapa siharakishi hata wodi ikijaa. Mgonjwa atulie dakika 5, aegemee, nyayo zikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, na tusipige soga. Mkanda mdogo wa kipimo cha presha kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu akaongezewa dawa bure.

Saa 3:00. Dawa. Mzee wa dirishani anatumia atenololi, inayopunguza kasi ya moyo. Kabla ya kumpa kidonge nahesabu mapigo dakika nzima: 52. Yako chini ya 60, basi nazuia dozi, naandika kwenye faili na kumpigia daktari.

"Mbona mimi sijapewa, mwanangu?"

"Moyo wako umeshapunguza mwendo, baba. Tukiongeza utazimia."

Wanaotumia dawa za kukojoza nawapa asubuhi hii hii, wasiamkeamke usiku kwenda chooni na kuanguka.

Saa 5:00. Mama mmoja anakohoa kikohozi kikavu tangu aanze enalaprili. Dawa hiyo huzuia mwili kutengeneza angiotensini ya pili, kemikali inayobana mishipa ya damu, ila pia huacha kemikali nyingine ya mwili, bradikinini, irundikane, nayo huchokoza koo. Dawa ya kifua haitamsaidia. Namwomba daktari ambadilishie. Jirani yake amevimba vifundo vya miguu kwa amlodipini, inayozuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa ili ilegee. Wote wawili walikuwa wamepanga kuacha vidonge kimyakimya. Hilo huniuma sana, maana mambo haya yana ufumbuzi mtu akisema.

Saa 8:00 mchana. Bibi aliyeongezewa dozi jana anataka kutembea. Akiwa amelala, presha yake ni 146/84. Dakika moja baada ya kusimama, 118/70, na ameshika kitanda kwa mikono yote miwili. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, hatembei peke yake. Namlaza, namwarifu daktari, kisha tunafanya mazoezi: kukaa, kuning'iniza miguu, kusubiri, ndipo kusimama.

Saa 10:00. Kijana anaruhusiwa. "Dada, najisikia mzima. Zikiisha hizi niache?" Namfungulia chati: 178/110 alipolazwa, 132/82 leo. Dawa ndizo zinazoishikilia namba hiyo. Anaweka kengele kwenye simu palepale.

Saa 12:00 jioni. Nakabidhi zamu. Mapigo ya mzee wa dirishani ni 58. Kidonge bado kimezuiwa mpaka daktari atoe dozi mpya.